Siku Nyongeza Ilipofutwa

Ilikuwapo nchi, na mpaka leo ipo. Ndiyo sababu jina lake hatulitaji. Ina bendera, ina wimbo, ina uwanja wa ndege ambao hutumika pale rubani anapopotea njia, na ina Wizara ya Neema, ambayo kazi yake ni kuwaarifu wananchi kwamba wanaishi vizuri, kwa kuwa wananchi wenyewe huwa wanasahau. Katika nchi hiyo kuna mji mdogo uitwao Mchangarawe. Mji huo una soko, na katika soko hilo, kwenye kizimba cha kona karibu na bomba lisilotoa maji, mjane mmoja aitwaye Bi. Sikudhani alikuwa akiuza maharage.

Shamba hakuwa nalo. Nyumba hakuwa nayo, ila chumba cha kupanga. Alichokuwa nacho ni kizimba kile, kopo moja la kupimia, na mkono wake wa kulia. Mkono huo ulikuwa mashuhuri kuliko yeye mwenyewe, kwa sababu ya nyongeza.

Yafaa jambo hili lielezwe kwa utaratibu. Mteja wa Mchangarawe alipolipia kopo la maharage, muuzaji alichota mengine kwa mkono na kuyatia juu, bure. Hiyo ndiyo nyongeza. Kopo lilikuwa sawa kwa kila muuzaji, lakini mikono haikuwa sawa, na kwa hiyo hakuna aliyekwenda sokoni kununua maharage. Watu walikwenda kuifuata nyongeza, na maharage waliyachukua kama sharti.

Mteja wake mkubwa alikuwa Bwana Ngwembe, mkulima wa kule kilimani. Wakati wa mavuno alimuuzia Bi. Sikudhani maharage kwa gunia. Wakati wa njaa akayanunua yaleyale kwa kopo. Na mara zote mbili alilalamika kwamba ameibiwa.

"Kopo bei gani leo, mama?"

"Kama jana."

"Jana ulinikaba koo."

"Na leo umerudi na koo lako, naliona linameza vizuri."

"Punguza."

"Nikipunguza nitakula nini?"

"Utakula maharage. Si hayo hapo?"

Wakaendelea hivyo mpaka chai ya Bi. Sikudhani ikapoa. Bei ilishuka kidogo, pale pale ambapo wote wawili walijua tangu mwanzo kwamba itashuka. Kisha Ngwembe akatega mfuko.

"Nyongeza?"

Mkono ukazama guniani, ukaibuka, ukamimina.

"Huo ni mkono au ni kijiko?"

"Mkono wangu ndio huo, Ngwembe. Ulitaka nikuongezee na mguu?"

Majirani walicheka, na Chausiku, muuza dagaa wa kizimba cha pili, akasema kwamba hawa wawili wangeoana ingekuwa nafuu kwa masikio ya watu. Huo ndio uliokuwa uchumi wa Mchangarawe. Haukuwa umeandikwa popote, na labda ndiyo maana ulikuwa unafanya kazi.

*

Ikatokea kwamba wageni wenye kofia ngumu, walipokuwa wakichimba choo cha kambi yao kule kilimani, wakakuta jiwe la buluu. Jiwe hilo, kama tulivyoelezwa, huko ng'ambo huwekwa ndani ya kitu fulani, ambacho nacho huwekwa ndani ya kitu kingine, na bila hicho dunia haiendi. Kilima kizima kikapimwa. Asubuhi moja, chini ya turubai, kwa matarumbeta na hotuba, kila mwenye shamba kilimani akalipwa fidia. Watu walipanda kile kilima wakiwa wakulima, wakateremka wakiwa Wafidiwa. Wizara ya Neema, ambayo haikawii katika mambo ya majina, ikatangaza kwamba kila mmoja wao ataitwa Mheshimiwa.

Yaliyofuata yalikuwa ya kupendeza. Sofa zililetwa kwa malori. Kwa kuwa milango ya nyumba za Mchangarawe ilikuwa imetengenezwa na watu wasiotarajia sofa, zikabaki nje, zikafunikwa maturubai, na familia nzima zikawa zinapokea wageni uani, zikiinuka kila mvua inapoanza. Kinyozi aliyekuwa akinyoa chini ya mwavuli akaanza kunyoa kwa miadi. Mbuzi wa kawaida akawa haonekani. Kila mbuzi aliyechinjwa alikuwa wa sherehe.

Naye Ngwembe akaja sokoni amevaa miwani myeusi, nyuma yake akiwa na kijana wa pikipiki. Akasimama hatua mbili kutoka kizimbani, akamgeukia kijana.

"Mwambie huyo mama anipimie makopo matano."

"Ngwembe," akasema Bi. Sikudhani, "mimi nakuona na ninakusikia. Unamtuma huyu aje wapi?"

"Mheshimiwa Ngwembe."

"Haya, Mheshimiwa. Bei hujauliza."

"Bei huulizwa na watu wa bei."

Akapima matano, akapokea noti mpya zilizonata, kisha mkono wake, kwa mazoea, ukazama guniani na kuibuka umejaa. "Tega mfuko, nyongeza yako."

Mheshimiwa alitazama kulia, akatazama kushoto, kama mtu anayepewa kitu cha wizi. "Mama! Unataka watu wanione mimi napokea nyongeza?"

Akaondoka. Bi. Sikudhani alibaki ameunyosha mkono uliojaa maharage, asijue auweke wapi. Hatimaye akayarudisha guniani, na alihisi, ingawa hakuweza kueleza kwa nini, kwamba amepunjwa.

*

Mwezi wa kwanza alifurahi, kama ilivyo haki ya mtu anayeuza bila kubishana. Mambo haya yangeendelea kuwa mazuri kama maharage yangepata habari kwamba nchi imetajirika, yakajiotesha yenyewe. Bahati mbaya hayasikilizi redio. Kilima kilikuwa sasa ni shimo, na waliokuwa wakikilima walikuwa wameketi kwenye sofa, wakingoja kula maharage ambayo kila mmoja wao aliamini yanalimwa na mwenzake.

Magunia yakaanza kuja kutoka wilaya za mbali, na dereva wa lori, aliposikia kwamba anakwenda mji wa Wafidiwa, alipandisha bei kabla hajawasha injini. Alichouza ghali Bi. Sikudhani akakinunua ghali zaidi. Mwenye nyumba akaongeza kodi.

"Kwa heshima ya mji wetu," alisema mwenye nyumba.

"Mimi sikufidiwa, baba. Sikuwa na shamba."

"Hukufidiwa?" Alishangaa kwa dhati. "Sasa unakaaje katika mji wa Wafidiwa?"

Swali hilo lilikuwa zuri, na Bi. Sikudhani alilitafakari kwa siku kadhaa akila maharage aliyopaswa kuyauza.

Kisha mkuu wa soko akapita kizimba kwa kizimba akiwa na habari mpya. Kila kizimba kitalipiwa Ada ya Neema. Asiyeiweza, mwisho wa mwezi kizimba chake atapewa anayeiweza. Na kizimba cha kona tayari kilikuwa na mwombaji.

"Nani?"

"Mheshimiwa Ngwembe. Anataka kufungua duka la manukato ya sofa."

Chausiku alipiga kofi la mshangao. "Sofa zinanukia?"

"Zikinyeshewa zinanuka," alisema mkuu wa soko. "Ndiyo biashara yenyewe."

Bi. Sikudhani alilivuta kopo lake karibu. Kwa mwenye shamba, kizimba ni mahali pa kuuzia. Kwake yeye, ukiondoa kizimba kilichobaki ni kopo, na mwanamke mwenye kopo mkononi na asiye na pa kuketi huitwa jina jingine.

*

Wakati huohuo, aliteuliwa Kamishna wa Neema wa Mchangarawe, Dakta Mshindo, mtu msomi ambaye aliandika tasnifu kuhusu masoko na ambaye, kwa sababu ya kuandika, hakupata nafasi ya kwenda sokoni. Siku aliyokwenda alifuatana na wasaidizi na mwavuli. Alisimama karibu na bomba lisilotoa maji, akasikia sauti ya kikongwe mmoja ikisema, "Punguza mwanangu, na nyongeza usinisahau." Inasemekana Dakta alishika kifua.

Jioni alihutubia.

"Wananchi! Nimesikia kwa masikio haya mawili, ambayo ni mali ya serikali, raia wa nchi tajiri akiomba apunguziwe. Apunguziwe nini? Utajiri? Je, jirani zetu wakisikia watasemaje? Mtu anayesema 'punguza' anaitangazia dunia kwamba hana. Na mtu anayedai nyongeza anaitangazia dunia kwamba alichopata hakitoshi. Haiwezekani kisitoshe! Wizara imekwisha kutangaza kwamba kinatosha! Kwa hiyo, kuanzia sasa, neno 'punguza' ni marufuku ndani ya soko, na nyongeza imefutwa. Imefutwa leo, imefutwa kesho, na kwa wale wenye kumbukumbu mbaya, imefutwa hata jana."

Walipiga makofi. Waliopiga kwa nguvu zaidi ni Wafidiwa, ambao baadhi yao walikuwa wameanza kuhisi mifuko inakuwa myepesi, na kwa hiyo walihitaji zaidi kuonekana matajiri.

Wakaletwa Askari wa Bei, waliovaa kiraia lakini viatu vya aina moja. Kazi yao ilikuwa kujifanya wateja maskini na kuwashawishi wauzaji. Mmoja alimwendea Chausiku kwa sauti ya huruma.

"Dada, nina watoto sita. Nitilie dagaa wawili tu wa nyongeza."

Chausiku aliviona viatu, lakini alikuwa na moyo. "Chukua wanne, wala usiwape watoto, kula mwenyewe, unaonekana kazi yako ni ngumu."

Akatozwa faini kwa dagaa wanne, na kwa maneno yale akaongezewa faini ya pili. Alipouliza kama ile ya pili si nyongeza, akatozwa ya tatu.

*

Zilipobaki siku chache mwezi uishe, ikaja habari kwamba Mtukufu Mkuu wa Nchi atazuru Mchangarawe kuiona neema kwa macho yake. Soko lilipakwa rangi. Kwa kuwa halikuwa na bidhaa, bidhaa zililetwa kutoka mji mkuu kwa malori ya jeshi: nyanya, vitunguu, na magunia ya maharage yenye lakiri ya serikali, zote kwa kuazimwa. Wauzaji walionywa wasiziuze kwa mtu yeyote ila Mtukufu.

Bi. Sikudhani ndiye aliyechaguliwa kumpimia, kwa sababu ndiye aliyekaa sokoni muda mrefu kuliko wote. Dakta Mshindo mwenyewe alimfundisha.

"Atauliza, 'Biashara inaendaje?' Wewe utajibu?"

"Haiendi, mwanangu. Wiki ijayo wananitoa hapa."

"Utajibu, 'Neema imezidi, Mtukufu.' Basi. Ukimaliza kupima, mikono nyuma."

"Nikisema vizuri, kizimba changu mtaniachia?"

"Bi. Sikudhani, huu si wakati wa kuomba punguzo."

Watumishi wa umma wa wilaya nzima, yaani walimu, wauguzi na makarani, walipakiwa kwenye malori wakaletwa kushangilia. Hawa walikuwa watu wenye subira ya pekee. Kila mwaka, katika sherehe za wafanyakazi, waliahidiwa nyongeza ya mshahara. Kila mwaka waliimba. Na kila mwaka walirudi nyumbani na fulana. Walipangwa uwanjani nje ya soko, vipaza sauti vikawekwa juu ya nguzo, na mtu wa redio akambana Bi. Sikudhani kinasa sauti kwenye ukingo wa kanga.

Mtukufu akaja. Akauliza biashara inaendaje, akajibiwa kwamba neema imezidi, akafurahi. Akapimiwa kopo, akalipa. Mambo yangeishia hapo, na Dakta Mshindo angekuwa waziri leo. Lakini Mtukufu naye aliwahi kuwa mtoto, na utotoni alitumwa sokoni na mama yake, na kuna mambo ambayo kiti cha enzi hakiyaondoi. Mkono wake ukajinyosha wenyewe, ukatega mfuko.

"Na nyongeza, mama?"

Bi. Sikudhani alimtazama Dakta. Dakta alitikisa kichwa mara nyingi sana kwa mtu mmoja. Basi akajibu kwa adabu kama alivyofundishwa, mikono nyuma, na sauti yake ikapanda juu ya nguzo zote, ikaenea uwanja mzima:

"Nyongeza imefutwa, Mtukufu."

Nje, makofi yalikatika. Walimu walitazamana. Muuguzi mmoja aliyekuwa akipeperusha kibendera alikishusha polepole. Kisha bila mtu kuamrisha, watumishi wa umma wa wilaya nzima wakaketi chini, na sauti moja ikatoka katikati yao: "Imefutwa? Hata kuahidiwa?"

Mtukufu hakudumu madarakani kwa bahati tu. Alisikia ukimya ule, na aliujua. Akaunyakua ukingo wa kanga ya Bi. Sikudhani, akainama, akakihutubia kinasa sauti.

"Ni nani amethubutu kufuta nyongeza? Mimi sijafuta! Nasema nyongeza irudi leo! Irudi kwa kila mmoja! Na mama huyu aliyenifumbua macho, mtu asimguse yeye wala kizimba chake!"

Uwanja ulilipuka. Walimu walimbeba Bi. Sikudhani juu juu, wakampitisha mara mbili kulizunguka soko, naye akishikilia kopo lake na kupiga kelele, "Niteremsheni, nina maharage ya watu!" Dakta Mshindo aliketi juu ya gunia la vitunguu, akaomba maji. Bomba lilikuwa karibu, lakini tumekwisha kulieleza.

*

Kulikuwa na tatizo dogo moja. Hazina haikuwa na fedha za nyongeza ya mtu yeyote, kwa sababu fedha zilikuwa zimetumika kutangaza utajiri. Kwa upande mwingine, Mtukufu hasemi uongo. Vikibaki vitu viwili hivyo, kinachoweza kusogezwa ni maana ya neno tu. Ikaundwa Kamati ya Hazina na Lugha, ikajifungia hotelini, ikatoka na ufafanuzi: nyongeza ni kiasi kidogo anachopewa mtu, kwa mkono, juu ya alichostahili, ili asinung'unike, nayo, kwa ushahidi wa tukio lenyewe, ilitamkwa mbele ya maharage.

Hivyo ikaamriwa kwamba kila mtumishi wa umma atapata, mwisho wa kila mwezi, mchoto mmoja wa maharage. Mchoto utakuwa wa Bi. Sikudhani, ambaye mkono wake ulitangazwa kuwa Mkono Rasmi. Kizimba chake kikawa Kituo cha Nyongeza cha Taifa. Kikapigwa rangi ya serikali, kikawekewa kiti chenye magurudumu ambacho hakikuweza kusogea, na maombi ya Mheshimiwa Ngwembe yakatupwa. Mtukufu alisema mtu asikiguse kizimba, na hakuna aliyekigusa. Walikichukua bila kukigusa, na mwenyewe akiwa ndani.

Kwa kuwa sasa ni ofisi, haikuruhusiwa kuuza kitu. Mshahara haukutajwa, maana cheo kilikuwa cha heshima. Ila alikuwa mtumishi, na kwa hiyo na yeye alikuwa na haki ya mchoto wake.

Mwisho wa mwezi watumishi walipanga foleni. Mwalimu mmoja wa hesabu, mwenye mvi, alitega leso.

"Shikamoo, Bi. Sikudhani. Maisha yangu yote nimeingoja hii."

"Marahaba, mwalimu. Kunja leso vizuri, usiimwage njiani."

"Siwezi kuimwaga. Nimeihesabu punje kwa punje ulipokuwa ukimimina, na ni chache hivi kwamba sikupoteza hesabu."

Wote walicheka, kicheko cha watu waliosimama juani. Mwisho, foleni ilipokwisha, Bi. Sikudhani alijichotea mchoto wake mwenyewe, karani wa Wizara akimsimamia asijipendelee. Akautia katika pindo la kanga. Hicho ndicho kilikuwa chakula chake cha mwezi, kodi yake ya chumba, na mtaji wake.

Karani alipoondoka, akatokea Ngwembe. Miwani haikuwapo. Pikipiki haikuwapo. Sofa alikuwa ameiuza, kama wenzake; waliuziana mpaka mnunuzi akaisha. Alikuwa na mfuko mtupu na noti chache, zile zilizokuwa mpya.

"Mama, nipimie kopo."

"Hapa ni ofisi, Mheshimiwa. Siuzi."

"Nina pesa."

"Una pesa, mimi sina ruhusa."

"Basi nipe hata nyongeza peke yake."

"Ya watumishi. Wewe ni mtumishi?"

"Mimi ni Mfidiwa."

"Basi kapike hiyo hadhi. Ikichelewa kuiva, tia magadi."

Chausiku alicheka kutoka kizimba cha pili. Ngwembe naye alitaka kucheka, tumbo likamkatalia. Bi. Sikudhani alimtazama, akalitazama pindo la kanga yake, akamtazama Askari wa Bei aliyeegemea bomba. Maharage ya gunia yalikuwa ya taifa. Haya ya kwenye kanga yalikuwa yake. Serikali yenyewe ilikuwa imempa.

"Nina mchoto mmoja," alisema. "Wangu. Ukiutaka, leta noti zote hizo."

Ngwembe alitoa macho. "Zote? Kwa mkono mmoja? Mama, punguza!"

Neno lile lilikuwa halijasikika pale tangu lilipopigwa marufuku. Mtukufu alikuwa amesahau kulirudisha. Askari wa Bei alijiondoa kwenye bomba, akaja taratibu mpaka akasimama begani kwa Ngwembe. Akayatazama maharage. Mshahara wake nao ulikuwa haujapanda, na mchoto wake alikuwa amekwisha kuula mbichi akiwa njiani.

"Umesema nini?" Bi. Sikudhani aliuliza.

Ngwembe alimwona askari. Njaa, ambayo haina cheo, ikamjibia kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza: "Nimesema punguza! Bei gani hiyo, unaniua mchana kweupe!"

"Ni kweli, mama," akasema askari kwa sauti ya chini. "Hata mimi nimeona imezidi."

Bi. Sikudhani alijiweka sawa kwenye kiti cha serikali. Kwa mara ya kwanza tangu kilima kitajirike, aliona kazi yake imerudi mbele yake, ina mfuko mtupu na mdomo mkali. Akafungua kanga kidogo, wayaone vizuri, kisha akaipandisha bei juu zaidi, ili wapate pa kuteremkia.